Duka Lipo, Lakini Halionekani

Mnunuzi wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi anayehitaji fundi wa friji, spea ya bajaji au mshonaji wa madera mara nyingi huiuliza simu yake kabla hajamwuliza jirani, na jibu analolipata humo ndilo huamua ni mlango gani utakaopigwa hodi. Jibu hilo hutolewa na injini ya utafutaji, yaani programu kubwa inayopitia kurasa za intaneti, kuzihifadhi katika fahirisi yake na kuzipanga kila inapoulizwa swali. Kariakoo ina watu waliokuwa wakiifanya kazi ya namna hiyo kwa miguu na mdomo, na wangali wanaifanya: winga, ambaye hana duka lake mwenyewe, humpokea mteja barabarani, humsikiliza anachotaka, kisha humpeleka kwenye duka analolijua. Duka asilolijua hampeleki mtu, hata kama lina mzigo mzuri na bei nafuu kuliko mengine yote ya mtaa huo. Injini ya utafutaji nayo ina tabia hiyohiyo, na ndiyo maana biashara nyingi ndogo hupitwa na wateja waliokuwa hatua mia mbili tu kutoka mlangoni pake: hazijajieleza kwa maneno, kwa mahali na kwa saa ambazo mteja huzitumia anapouliza.

Google, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, ilitoa huduma yake ya ramani mwaka 2005, na tangu hapo majibu ya maswali yanayohusu mahali yamekuwa yakitolewa pamoja na ramani. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, mambo makubwa yanayopanga biashara katika majibu hayo ni matatu. La kwanza ni ulinganifu, yaani kiasi ambacho maelezo ya biashara yanaoana na swali lililoulizwa. La pili ni umbali kati ya biashara na mwulizaji, au kati ya biashara na mtaa uliotajwa. La tatu ni umaarufu, unaopimwa kwa mambo kama vile maoni ya wateja na namna biashara inavyotajwa kwingineko mtandaoni. Umbali haubadiliki bila duka kuhama, na umaarufu huja polepole, lakini ulinganifu uko mikononi mwa mwenye duka kuanzia siku ya kwanza, na ndio unaopuuzwa kuliko yote. Ni muhimu pia ifahamike kwamba Google hupokea malipo kwa matangazo, ambayo huwekewa alama ya kuyatofautisha, lakini haiuzi nafasi katika orodha ya kawaida ya ramani. Kwa hiyo mtu anayemwahidi mfanyabiashara kwamba akimlipa kiasi fulani atahakikishiwa nafasi ya kwanza humo, anauza kitu ambacho si chake.

Chombo cha kujielezea huitwa Wasifu wa Biashara, nao hufunguliwa bure. Kati ya mwaka 2014 na 2021 ulijulikana kwa jina la Google My Business, na wapo mafundi wa mitandao ambao hadi leo huutaja hivyo. Kabla wasifu haujaanza kuonekana kikamilifu, mwenye biashara hutakiwa kuthibitisha kwamba biashara ipo na kwamba yeye ndiye msimamizi wake, na njia inayotumika sana siku hizi ni video: hutembea na simu akirekodi bila kukatiza, akaonyesha barabara na majengo jirani, akaonyesha bango, akaingia ndani na kuonyesha bidhaa au vifaa vya kazi, na mwisho akafanya jambo ambalo mpita njia hawezi kulifanya, kama vile kufungua mlango kwa ufunguo. Fundi cherehani mwenye chumba kimoja anaweza kuimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi.

Ugumu wenyewe huanzia kwenye maneno. Maduka mengi ya Afrika Mashariki hupewa majina ya heri, kama vile Baraka, Neema au Amani, majina ambayo ni mazuri masikioni lakini hayasemi kinachouzwa ndani, na mwenye duka hushawishika kulirefusha jina katika wasifu liwe Baraka Spea za Bajaji Bei Poa Kariakoo. Kanuni za Google zinakataza jambo hilo, kwa kuwa jina linapaswa kuwa lilelile linalosomeka kwenye bango na linalojulikana na wateja, na wasifu unaokiuka kanuni hiyo unaweza kufungiwa. Mahali halali pa kusema kinachouzwa ni kundi la biashara, ambalo huchaguliwa kutoka katika orodha iliyotayarishwa, pamoja na orodha ya bidhaa na huduma, na maelezo mafupi yasiyozidi herufi 750. Humo ndimo Kiswahili cha mteja kinapohitajika, nacho si kimoja. Anayetafuta mahali pa kunyoa nywele nchini Kenya hutafuta kinyozi, ilhali mwenzake wa Tanzania huenda akaandika saluni ya kiume. Mmoja huulizia famasi na mwingine duka la dawa. Mnunuzi husema spea, wakati maelezo ya duka, yaliyoandikwa kwa kuiga barua za serikali, yanasema vipuri, na pengine yameandikwa kwa Kiingereza kitupu kwa imani kwamba ndicho kinacholipa duka heshima. Injini za utafutaji za sasa zina uwezo wa kutambua maneno mengi yenye maana moja, lakini uwezo huo umekuzwa zaidi katika lugha zenye maandishi mengi mtandaoni, na mfanyabiashara wa Kiswahili hana sababu ya kuuachia mtambo ukisie jambo ambalo yeye mwenyewe anaweza kulitamka. Muuzaji akae kaunta siku tatu na daftari, aandike kila mteja alivyokitaja kitu alichokifuata, na atakuwa amepata maneno yake bila kumlipa mtu yeyote.

Saa za kazi zina mtego ambao vitabu vya ushauri vinavyoandikwa Ulaya na Marekani haviwezi kuutaja. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, kwa hiyo duka linalofunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni linatakiwa kujazwa katika wasifu kuwa hufunguliwa saa 8:00 na kufungwa saa 18:00. Mwenye duka akijaza 2:00 na 12:00, kama anavyosema kila siku ya maisha yake, wasifu utautangazia ulimwengu kwamba duka hufunguliwa saa nane ya usiku na kufungwa adhuhuri, na mteja anayetafuta saa nane mchana ataambiwa kwamba limefungwa, ilhali muuzaji yuko kaunta anasubiri. Kosa hili halijitangazi kwa sababu mteja aliyegeuzwa njiani hapigi simu kulalamika, bali huenda kwingine, na muuzaji hubaki akidhani biashara imekuwa ngumu. Uangalifu huohuo unahitajika katika mwezi wa Ramadhani, hasa Unguja, Mombasa na Lamu, ambako migahawa mingi hufungwa mchana na kuchangamka baada ya futari, na pia katika siku za Idi, Pasaka na Krismasi. Wasifu una sehemu ya saa maalumu kwa siku za namna hiyo, nazo huwekwa bila kuvuruga ratiba ya kawaida.

Kuhusu mahali, miji ya ukanda huu ilikua kwa muda mrefu watu wakielekezana kwa mwembe, msikiti au kituo cha daladala. Tanzania iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi mwaka 2022, ambapo mitaa ilipewa majina na nyumba namba, na duka lenye namba hiyo linapaswa kuiandika. Pale ambapo namba haipo au haijazoeleka, ipo misimbo ya plasi, inayotengenezwa kwa latitudo na longitudo na inayopatikana kwa kugusa pini kwenye ramani. Misimbo hiyo hutumia tarakimu na herufi 20 tu, zilizochaguliwa bila irabu ili zisije zikaunda neno lenye maana, na msimbo kamili wa alama kumi hulenga mraba wa takriban mita 14 kwa 14, ambao ni kama ukubwa wa nyumba moja. Alama nne za mwanzo kwa Dar es Salaam ni 6G5X, ambazo pia ndizo za mji wa Zanzibar, na huachwa pale jina la mji linapotajwa, hivyo mteja hutumiwa alama sita tu. Anayehama hana budi kuhama na pini yake pia: baada ya soko kuu la Kariakoo kuungua Julai 10, 2021, wafanyabiashara walihamishiwa maeneo mengine, na katika hali kama hiyo alama iliyosahauliwa kwenye ramani humpeleka mteja kwenye mabaki na kumnyima imani hata na namba ya simu iliyoandikwa chini yake.

Wengi huona kwamba akaunti ya Instagram na kundi la WhatsApp vinatosha, na kweli mauzo mengi hufanyika humo. Hata hivyo, yaliyomo katika kundi la WhatsApp hayasomwi na injini ya utafutaji, bango la bei lililotengenezwa kama picha husomwa kwa shida kuliko maandishi ya kawaida, na mteja anayejibiwa kwamba bei aulize faraghani hana cha kulinganisha. Ukurasa mmoja mwepesi wa tovuti, unaofunguka haraka kwenye simu bila kumaliza bando, wenye jina, namba ya simu na bei zilizoandikwa kwa herufi, hufanya kazi ambayo picha mia moja hazitaifanya.

Maoni ya wateja hayanunuliwi, kwa kuwa Google inakataza kuyatoa kwa malipo au kwa punguzo la bei. Huombwa kwa adabu baada ya kazi nzuri, nayo mabaya hujibiwa kwa utulivu, maana wanaosoma jibu ni wengi kuliko aliyelalamika.

Tangu Agosti 2017, Google ilipoongeza Kiswahili katika lugha zinazotambuliwa kwa sauti, mwulizaji anaweza kutamka swali badala ya kuliandika, na swali la mdomo huwa refu: nani anashona dera karibu na Mwenge na yuko wazi Jumapili. Ndani yake mna kazi, vazi, mtaa na siku. Fundi aliyeyaandika yote manne katika wasifu wake, kwa maneno hayohayo, ana nafasi ya kutajwa. Yule wa mlango wa pili aliyeandika mitindo ya kisasa tu, hata kama mkono wake ni mwepesi kuliko wa mwenzake, swali hilo litampita.