Madeni Mawili ya Nachingwea

Nchi iliyo kati ya Nanganga na Nachingwea, kusini mwa Tanzania, imepata kuingizwa katika madeni mawili makubwa, na tofauti ya jinsi yalivyomalizika yanistaajabisha hata leo.

La kwanza lilikuwa la karanga. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia baada ya vita, ilianza kufyeka mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikajenga bandari Mtwara na reli ya kufika mashambani. Mvua zikakosekana, matrekta yakaharibika, na mwezi wa Januari 1951 ikatangazwa kwamba paundi milioni 36 zimefutwa katika hesabu za hazina ya London. Reli nayo haikukawia kung'olewa baada ya uhuru.

La pili, la korosho, lilitushika sisi wenyewe. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi, na kwa tamaa ya neema hiyo tukakopa Benki ya Dunia na kwingineko tukajenga viwanda vya kubangua, kimoja Nachingwea. Walakini katika miaka ileile wakulima walihamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao, magugu yakaimeza. Bei ikawa duni. Kisha ukaja ubwiri unga, ukungu mweupe unaofunika machipukizi na maua hata yakanyauka kabla ya kutunga. Msimu wa 1986/87 mavuno hayakutimia tani 20,000. Mashine zilikosa cha kubangua, ilhali riba haikungoja mikorosho ichanue.

Vita vya Kagera na bei ya mafuta viliongeza dhiki. Mwalimu Nyerere aliyakataa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, nasi tukapanga foleni za unga, na sabuni ikaadimika hata watu wakafulia majani ya mpapai. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, masharti yalikubaliwa: shilingi ikashushwa kutoka 17 hivi kwa dola hadi 40, bidhaa zikarejea madukani, na baadaye mgonjwa akatakiwa achangie gharama za matibabu yake.

Madhila haya yalifika hadi Amerika ya Kati. Costa Rica ilisimamisha malipo ya madeni yake mwaka 1981. Nicaragua na Honduras ziliwekwa pamoja nasi katika orodha ya nchi maskini zenye madeni makubwa, zikapata msamaha kamili mwaka 2004 na 2005, ilhali sisi tuliupata Novemba 2001. Hasara ya karanga ilifutwa kwa tangazo moja. Kwetu msamaha ulikuja baada ya watoto wa miaka ya themanini kuwa watu wazima, na dhuluma hiyo siwezi kuiita kwa jina lingine.

Viwanda viliuzwa, vingine vikageuzwa maghala. Korosho za Ruangwa zingali zikishuka Nanganga katika magunia, na sehemu kubwa ya korosho za Kusini hupakiwa melini na maganda yake, zikabanguliwe ng'ambo.