Jinsi Skripti ya Sheli Inavyosoma Machaguo

Katika mifumo ya kompyuta ya jamii ya Unix, skripti ni faili la maandishi lenye amri zinazotekelezwa na sheli, yaani programu inayopokea yale anayoyachapa mtumiaji na kuyafanyia kazi. Anayeiendesha skripti huweza kuongeza maelekezo kwenye mstari uleule wa amri, na yale yanayoanza kwa kistari, kama -v au -o, huitwa machaguo.

Wanaoanza kuandika skripti hukagua neno la kwanza, kisha la pili, wakisahau kwamba mtumiaji ana uhuru wa kubadili mpangilio au kuunganisha -v na -x kuwa -vx, na hapo kazi yao yote huvurugika. Dawa yake ni getopts, amri iliyomo ndani ya sheli yenyewe na inayotambuliwa na kiwango cha POSIX, ambayo hupewa orodha ya herufi zinazokubalika. Katika orodha "vo:", herufi v hujitegemea, ilhali nukta mbili baada ya o huonyesha kwamba chaguo hilo lazima lifuatwe na thamani, mathalani jina la faili, ambayo huhifadhiwa katika kigeu kiitwacho OPTARG.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni nafasi kati ya maneno. Amri kongwe ya getopt, isiyo na s mwishoni, katika umbo lake la asili hupoteza mipaka ya maneno, hata faili liitwalo "ripoti ya mwezi.txt" likahesabiwa kuwa mafaili matatu, na skripti ya kufuta mafaili ikikosea namna hiyo hasara yake huwa kubwa. Getopts huihifadhi mipaka hiyo, mradi mwandishi azungushie alama za nukuu kila anapoandika "$OPTARG". Upungufu wake ni kwamba haisomi machaguo marefu kama --help, ambayo hayana budi kushughulikiwa kwa njia nyingine.

Orodha ikianza kwa nukta mbili, kama ":vo:", sheli huacha kutoa ujumbe wake wa makosa, ambao mara nyingi huwa wa Kiingereza, na kumwachia mwandishi nafasi ya kumweleza mtumiaji kwa Kiswahili: "Chaguo -o linahitaji jina la faili."