Kiti cha rubani

Ni nani katika watoto wetu asiyeinua macho asikiapo ngurumo ya ndege? Ametumwa maji na mama yake, lakini ataweka ndoo chini kwanza, aitazame ndege mpaka ipotee nyuma ya milima. Wazee wetu walifanya vivyo hivyo. Tarehe 12 Februari 1925 Edmond Thieffry, Mbelgiji ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa uwakili, aliruka kutoka Bruxelles pamoja na wenzake wawili. Wakafika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili. Siku 51 njiani! Siku hizi msafiri anywaye chai ya asubuhi Bruxelles aweza kulala Kinshasa usiku uleule.

Lakini uwaulize vijana hao njia ya kukifikia kile kiti cha mbele, utaona wengi hawaijui. Wengine hudhani ya kuwa yatosha mtu asiwe mwoga. Ushujaa si neno la kwanza katika kazi hii, wala la pili. Rubani, au piloti kama tusemavyo mijini, kwanza hupimwa macho, masikio na moyo na mganga aliyewekwa kwa kazi hiyo. Kipimo hicho hurudiwa tena na tena maisha yake yote ya kazi, na siku mganga atakapokataa kutia sahihi, ndege haitaruka naye. Tena yampasa kujua hesabu vema, na elimu ya mawingu na pepo, na ramani, na uzito wa mzigo na mafuta. Tangu mwaka 2008, kwa kanuni ya mataifa yote, sharti pia athibitishwe kuwa aweza kusema na kusikia Kiingereza vya kutosha, kama anataka kuvuka mipaka ya nchi.

Baada ya hayo yote huja kitabu cha saa. Kila rubani anacho. Kila arukapo huandika humo siku, ndege, mahali na muda. Mtu hawezi kupewa cheti kikubwa cha kuongoza ndege ya abiria kabla ya kutimiza saa 1,500 hivi. Na akiisha kuajiriwa, hukaa kwanza upande wa kuume, akiwa msaidizi. Upande wa kushoto hukaa mkubwa wa ndege. Kutoka kiti cha kuume mpaka cha kushoto ni hatua moja ya mguu, lakini yaweza kuchukua miaka kumi, maana kampani nyingi huwapanga marubani katika orodha kwa kufuata siku waliyoingia. Orodha hiyo ndiyo huamua nani awe mkubwa, nani apewe ndege mpya, nani akae na watoto wake siku ya Noeli. Aliyeingia leo yu nyuma ya aliyeingia jana, hata akiwa hodari kumpita. Msomaji alikumbuke neno hili la orodha.

Saa hizo 1,500 mtu atazipata wapi? Mafuta ya ndege ni ghali, na mwalimu pia. Huko Marekani, baada ya vita kuu ya pili, marubani wengi wa ndege za abiria walikuwa wametoka jeshini: serikali ilikuwa imekwisha kuwalipia mafunzo. Lakini Waamerika Weusi walikuwa wamefungiwa mlango huo mpaka mwaka 1941, jeshi lilipoanza kuwafundisha peke yao kule Tuskegee, katika jimbo la Alabama. Mmojawapo aliyepita Tuskegee ni August Martin. Alizaliwa mwaka 1919. Katika ujana wake alikuwa akiosha ndege za watu ili apate fedha ya kulipia masomo ya kuruka. Vita vikaisha kabla hajapelekwa vitani. Kisha kwa miaka mingi aliruka kama kibarua, mwezi huu kampani hii, mwezi ujao kampani ile. Na kazi ya kuruka ilipokosekana alikwenda kupakua mizigo bandarini New York. Mwaka 1955 kampani moja ya mizigo ikamwajiri, akawa mkubwa wa ndege. Ya mizigo, si ya abiria. Sanduku halina neno na rangi ya mtu aliyeshika usukani.

Sasa tuje kwa Marlon Green, maana habari yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Alizaliwa tarehe 6 Juni 1929 katika mji mdogo wa El Dorado, jimbo la Arkansas, kwa wazazi wasio na mali. Alimaliza shule ya sekondari ya Xavier kule New Orleans, shule ya Kikatoliki ya vijana Weusi, naye alikuwa miongoni mwa wa kwanza darasani. Alifikiri kuwa padri, akaingia seminari, lakini hakuendelea. Mwaka 1948 akajiandikisha katika jeshi la anga. Mwaka uleule, tarehe 26 Julai, Rais Truman alitoa amri ya kwamba askari wa rangi zote watendewe sawasawa, na kwa mlango huo Green akaingia mafunzo ya urubani. Mwishoni alikuwa Japani, katika kikosi cha kuokoa watu, akiendesha ndege ya injini mbili iwezayo kutua nchi kavu na juu ya maji.

Mke wake, Eleanor, alikuwa mwalimu, naye ni mzungu. Sheria ya Louisiana ilikataza ndoa ya namna hiyo, hata kama padri yu tayari kuibariki. Ikawapasa kwenda California ili wafunge ndoa yao mwaka 1951. Katazo hilo liliondolewa katika majimbo yote mwaka 1967 tu. Mungu akawajalia watoto sita.

Mwaka 1957 Green aliacha jeshi. Alikuwa na saa zaidi ya 3,000 kitabuni mwake, akatuma barua kwa kampani moja baada ya nyingine. Karatasi ya kuombea kazi ilikuwa na nafasi ya kuandika rangi ya mtu na nafasi ya kubandika picha. Safari moja, alipoiandikia kampani ya Continental, aliziacha nafasi hizo mbili tupu. Akaitwa Denver, katika jimbo la Colorado.

Mtu aweza kuuliza, je, hapo alidanganya? Mimi naona hakudanganya. Aliulizwa jambo lisilohusu kazi, akanyamaza.

Mwezi wa Juni akafika Denver, nao wakamwona. Hawakumfukuza mlangoni. Walimjaribu katika ndege, akarusha vema. Kisha wazungu waliokuja pamoja naye, wenye saa chache kuliko zake, wakapokelewa katika shule ya kampani. Yeye akaambulia kungoja barua. Alipoona kwamba barua haiji, akapeleka mashtaka mbele ya tume ya Colorado iliyowekwa kuzuia ubaguzi katika kazi. Tume ikachunguza, ikasema wazi: hakuna sababu nyingine ya kumkataa mtu huyu isipokuwa rangi yake, kampani impokee.

Wengi watadhani mambo yalikwisha hapo. Ndiyo kwanza yalianza. Kampani ilikwenda mahakamani, na hoja yake ilikuwa ya werevu: ndege zetu, ilisema, huvuka majimbo mengi, kama kila jimbo litatutungia sheria yake juu ya watu wa kuajiri, biashara itakwama. Ikaegemea hukumu ya zamani sana, ya mwaka 1878. Siku zile Louisiana ilikuwa na sheria iliyokataza kuwatenga Weusi katika meli za mto Mississippi. Mwenye meli mmoja alishtakiwa kwa kumnyima mama Mweusi nafasi katika chumba cha wazungu, naye akashinda kwa hoja ileile ya biashara ya majimbo mengi. Basi hukumu iliyotolewa juu ya meli ya moshi ikachukuliwa kumzuia mtu asipande angani. Mahakama ya Denver ikaikubali hoja hiyo. Na mahakama ya juu ya Colorado ikaikubali pia.

Miaka ikapita. Green alipata kazi kwa muda huko Michigan, akiendesha ndege za idara ya barabara ya jimbo, na ile kazi nayo ikamtoka. Fikirini hesabu ya nyumba yenye watoto sita na baba asiye na mshahara wa hakika. Na kila mwezi uliopita, ile orodha ya marubani ilizidi kurefuka mbele yake: waliopokelewa mwaka 1957 walikuwa wakijaza vitabu vyao saa ambazo zingalikuwa zake.

Wakili wake, T. Raber Taylor wa Denver, hakumwacha. Alilifikisha shauri mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, nayo ikatoa hukumu tarehe 22 Aprili 1963. Mahakimu wote tisa walikuwa na neno moja, na aliyeliandika ni Hugo Black, mzaliwa wa Alabama, ambaye katika ujana wake aliwahi kuwa mwanachama wa Ku Klux Klan. (Mambo ya wanadamu hayaishi kushangaza.) Aliandika ya kuwa hofu ya mwaka 1878, yaani kwamba jimbo moja lingeamuru kuwatenga watu na jingine likataze, haiko tena, kwa kuwa sasa hakuna jimbo liwezalo kuamuru utengano. Sheria ya Colorado haizuii ndege kuruka. Inazuia ubaguzi tu.

Mlango ulifunguka, lakini wa kwanza kuuingia hakuwa Green. Majadiliano kati yake na kampani yaliendelea hata baada ya hukumu, na wakati huo kampani nyingine kubwa zilikuwa zimekwisha kuelewa. Tarehe 3 Desemba 1964 kampani ya American ilimpokea David Harris wa Ohio, rubani wa ndege kubwa za jeshi. Harris alikuwa na ngozi nyeupe na macho ya kijani, hata mtu angeweza kumdhania mzungu. Kwa hiyo yeye mwenyewe, alipohojiwa, aliwaambia kwamba ni Mweusi, wasije wakasema baadaye kwamba aliwaficha. Akajibiwa kwamba rangi yake si kitu, la maana ni kama aweza kurusha ndege. Mmoja aliacha nafasi tupu katika karatasi mwaka 1957. Mwingine, miaka saba baadaye, aliijaza kwa kinywa chake. Harris akawa mkubwa wa ndege mwaka 1967, akastaafu mwaka 1994, akafariki mwaka 2024.

Green alianza kazi Continental mwaka 1965, na mwaka uliofuata alikuwa tayari kiti cha kushoto. Aliruka mpaka mwaka 1978. Naye August Martin, yule muosha ndege, tarehe 1 Julai 1968 alikuwa akipeleka msaada kwa watu waliokufa njaa katika vita vya Biafra. Alijaribu kutua katika mvua kubwa, juu ya barabara iliyogeuzwa uwanja. Ndege ikaanguka, naye akafa pamoja na mke wake.

Si haki kuficha kwamba vita ya Green ilidai malipo. Waliomjua wasema alikuwa mtu mgumu, asiyekubali kupindisha neno, na bila ugumu huo nadhani angeiacha kesi mwaka wa pili. Lakini ugumu huo pia uliingia nyumbani. Ndoa iliyovuka sheria ya Louisiana haikudumu mpaka mwisho. Alifariki Denver tarehe 6 Julai 2009, akiwa na miaka 80. Mwezi wa Februari 2010 kampani ileile iliyomkataa ilichukua Boeing 737 yake moja, ikaandika ubavuni, karibu na dirisha la rubani, jina la Captain Marlon Green.