Giaboksi ya Land Rover ya zamani: Dawa ya chuma ni sumu kwa aluminiamu

NI rahisi kwa mwenye Land Rover ya zamani mkoani Shinyanga au Geita kudhani kuwa kutu ni tatizo la watu wa pwani. Huku bara hakuna upepo wa chumvi, na Shinyanga ni mkoa wa mvua chache. Hata hivyo, kasha la giaboksi lililo chini ya gari hushika tope la mvua za Novemba na huweza kukaa nalo hadi Mei.

Magari haya si mapambo. Land Rover za Series zilianza kutengenezwa mwaka 1948, na Series III ikakoma mwaka 1985. Hivyo hata iliyo changa kuliko zote imefikisha miaka 40. Kwa mkulima wa pamba au mchimbaji mdogo aliyebaki nayo, gari hilo ni mtaji, na kasha lake likiharibika atalazimika kutafuta jingine kwenye magari mabovu.

Hasara huanza kidogo kidogo. Giaboksi kuu ya Series hubeba takriban lita 1.5 tu za oili, na boksi la pili, linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na nyuma, lita 2.5. Kasha likiliwa kwenye kingo zake au penye sili, oili hudondoka tone kwa tone. Kwa kuwa ni ndogo, haichukui muda mrefu kwisha, na beringi na gia huungua.

Udongo na machimbo

Adui wa kwanza ni udongo. Ule mweusi wa mbuga hunywa maji, hunata na hukaa na unyevu muda mrefu baada ya mvua kukatika. Ardhi ambayo Wasukuma huiita itogolo mara nyingi huwa na magadi. Tope la namna hiyo likiganda kwenye kasha, linakuwa kama kitambaa kibichi kilichofungwa juu ya kidonda.

Kwenye machimbo ya Geita na Kahama hatari ni kubwa zaidi. Mitambo ya kuchenjua marudio kwa sayanaidi hutumia chokaa ili sayanaidi isigeuke gesi ya sumu. Chokaa hiyo huila aluminiamu. Nayo zebaki, inayotumiwa na wachimbaji wadogo kukamatia dhahabu, huivunja aluminiamu kwa kasi; ndiyo maana ina masharti makali ndani ya ndege. Gari lisibebe zebaki ovyo, wala lisioshwe kwa maji ya mtambo.

Itambue metali kwanza

Kasha la giaboksi ya Land Rover hizi ni la aluminiamu, ilhali fremu yake ni ya chuma. Asiye na hakika achukue sumaku: hunasa kwenye chuma, lakini hainasi kwenye aluminiamu. Rangi ya uharibifu pia hutofautiana. Chuma hutoa kutu nyekundu; aluminiamu hutoa unga mweupe na kuacha vishimo.

Aluminiamu hujilinda yenyewe kwa utando mwembamba unaojengeka ikikutana na hewa. Utando huo huyeyuka kwenye tindikali kali na pia kwenye magadi makali. Kwa hiyo magadi ya kuunguza, yanayosafisha vizuri kasha la chuma, yatalila kasha la aluminiamu mbele ya macho ya fundi.

Kusafisha

Gari liegemezwe kwenye stendi imara na magurudumu yazuiwe, lisitegemee jeki peke yake. Tundu la kupumulia la giaboksi lizibwe ili maji yasiingie ndani, na likumbukwe kuzibuliwa kazi ikiisha. Tope kavu likwanguliwe kwa kipande cha mti, si kwa tindo. Mafuta yaliyoganda yalainishwe kwa dizeli au mafuta ya taa. Petroli isitumike, kwani mvuke wake hushika moto upesi.

Brashi iwe ya nailoni. Ile ya waya wa chuma huacha chembe ndani ya aluminiamu, na chuma na aluminiamu vikigusana penye maji ya chumvi, inayoliwa ni aluminiamu. Kwa sababu hiyo hiyo, bolti za chuma zipakwe grisi kabla ya kurudishwa. Mwisho, kasha lioshwe kwa sabuni laini, lisuuzwe kwa maji safi na kukaushwa kabisa.

Kupaka

Rangi ya kwanza iwe praima iliyotengenezwa kwa ajili ya aluminiamu. Praima nyekundu ya kawaida ya chuma haishiki vizuri juu ya aluminiamu tupu. Ikibanduka, maji hujificha chini yake. Juu ya praima zifuate koti mbili nyembamba za rangi isiyoharibiwa na oili. Nyuso zinazokutana, sili, namba ya giaboksi na tundu la kupumulia visipakwe.

Oili chafu ya injini, ambayo wengi huipaka chini ya gari, si kinga ya kutegemea. Huwa na tindikali, hunasa vumbi na huharibu sili za mpira.

Kwa mwenye trekta la Massey Ferguson 135 au 165 hesabu ni tofauti kidogo. Kasha lake ni la chuma cha kalibu, hivyo brashi ya waya na praima nyekundu zinafaa. Lakini kasha hilo ndilo pia uti wa mgongo wa trekta, kwa kuwa halina fremu nyingine. Baada ya kulima majaruba ya mpunga, oili ikaguliwe: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia.

Wakati mzuri wa kazi hii ni kiangazi, baada ya pamba kuuzwa na kabla ya mvua za Novemba. Katika miezi ya mvua, inatosha kuondoa tope kila baada ya safari, kabla halijakauka.