Mtandaoni Tusiwe Wapokezi Tu

Anayesimama Kipevu, upande huu wa Changamwe, akautazama mkono wa bahari wa Kilindini, huona meli zikipakuliwa makasha usiku na mchana. Tangu gati jipya la makasha lifunguliwe mwaka 2016, shughuli hiyo imezidi. Liko jambo moja ambalo wenyeji wamelizoea, na ambalo mgeni hulitambua baada ya muda: makasha mengi hushuka yamejaa, na mengi katika hayo hurejea melini matupu. Tunachopokea ni kingi kuliko tunachopeleka.

Mwaka 2009 mji huu ulipokea shehena ya namna nyingine. Waya wa mawasiliano uitwao TEAMS, uliotandazwa chini ya bahari kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ulifika Mombasa, na Rais Mwai Kibaki akaupokea katika sherehe iliyofanywa Fort Jesus mwezi wa Juni. Mwezi uliofuata ukaanza kazi waya wa pili, wa SEACOM. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipitia angani kwa setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya kujikokota; wanafunzi nilio nao leo hawana kumbukumbu ya kungoja ukurasa mmoja ufunguke huku mwenye duka akihesabu dakika. Swali linalonijia kila nipitapo gatini ni kama waya huo nao hatukuufanya kama makasha yale, yaani yatujie yamejaa, yarudi matupu.

Walimu wenzangu huniuliza mara kwa mara faida gani anaipata mtu kwa kujiunga na jumuiya za mtandaoni, maadamu wanachokiona wao ni vijana walioinamisha vichwa juu ya simu hata chai ikapoa. Ni swali la haki. Nitalijibu kutoka katika taaluma yangu ya lugha, kwa kuwa huko ndiko nilikoipata faida yenyewe, na niliipata kwa kuaibika.

Nimo katika kundi moja la simu la walimu wa Kiswahili. Wengi wetu ni wa Changamwe, Likoni na Kisauni, lakini watu wamekuwa wakiitana, hata sasa wamo wa Lamu, Pemba, Dar es Salaam, Lubumbashi na Maskati. Siku moja mwalimu wa shule ya sekondari alileta kifungu cha ufahamu kilichokuwa na maneno "siku za maji mafu", akataka kujua awaeleze nini wanafunzi. Nilijibu upesi, kwa uhakika wa mtu mwenye shahada ya uzamifu, kwamba hayo ni maji yaliyotuama, yasiyo na mkondo. Watu kadhaa wakanishukuru. Hapana aliyepinga, nadhani kwa sababu ya hiyo shahada.

Baada ya saa nzima hivi ikaingia sauti iliyorekodiwa. Alikuwa mzee mvuvi wa huku kwetu, aliyetiwa katika kundi na binti yake ambaye ni mwalimu. "Sivyo, mwanangu," alisema. "Maji mafu ni maji yasiyo nguvu. Hayajai sana wala hayapwi sana." Kisha akaeleza kwa utaratibu ambao ningependa kuuona katika mihadhara yangu: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo maji huwa bamvua, yakapanda juu kabisa na kushuka chini kabisa, mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu. Wanasayansi husema hivyo hivyo, kwamba wakati huo mvuto wa jua na mvuto wa mwezi huwa haviendi njia moja. Nilifungua kamusi iliyokuwa rafuni kwangu miaka yote. Neno lilikuwamo, na maana ilikuwa ya mzee.

Msomaji atasema basi kamusi ingalitosha. Haikutosha, kwa sababu sikuifungua. Mtu anayedhani anajua hafungui kamusi, na kitabu hakina uwezo wa kumfuata mtu barabarani kikamwambia amekosea. Hiyo ndiyo tofauti ya kusoma peke yako na kuwa mmoja wa jumuiya. Na yule mzee asingaliweza kunikosoa mahali pengine popote. Ukumbini chuoni haalikwi. Majarida ya kitaaluma hayachapishi sauti yake. Nami gatini kwake sikuwahi kwenda kuuliza, ingawa nyumba zetu hazitengani kwa nauli ya matatu moja.

Wako wanaoliona jambo hili kuwa geni, lililokuja na simu. Kiswahili kimekuwa na jumuiya za watu wasioonana tangu zamani. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na ukurasa wa mashairi ambamo mtu wa bara aliuliza fumbo na mtu wa pwani akalijibu, wala hawakuwahi kupeana mkono. Shaaban Robert naye aliandika humo. Vipindi vya salamu vya redio vilifanya kazi iyo hiyo kwa wasio washairi. Tofauti ni kwamba jibu lililongojewa kwa wiki sasa huja chai ingali moto, na kwamba mhariri hayupo. Hilo la mhariri nitalirudia.

Intaneti yenyewe ilipokuwa changa, Kiswahili kilikuwamo. Mwaka 1994 Martin Benjamin, wakati huo akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, alianzisha kamusi ya Kiswahili ya kwenye mtandao iliyojengwa kwa michango ya watu waliojitolea. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na leo ina makala zaidi ya 70,000. Kisa chake kimoja kinafaa kuzingatiwa na walimu. Kati ya mwaka 2009 na 2010 kampuni ya Google iliandaa mashindano ya kuandika makala za Wikipedia hiyo, na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania wakashiriki kwa hamu. Zawadi zilipokwisha kutolewa, wengi wao hawakuonekana tena. Makala zilipatikana, lakini waandishi wakaenda zao. Waliobaki ni wachache waliokuwa na mazoea ya kusahihishana na kuzozana juu ya neno moja usiku kucha, bila malipo. Ninapomwambia mwanafunzi ajiunge na jumuiya, namtaka awe katika hao wachache.

Hapa Mombasa tuna sababu yetu ya ziada. Mkutano uliokubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika mwaka 1928 katika mji huu huu wa Mombasa. Kimvita, lugha ya Muyaka, lugha iliyoshughulikiwa na Krapf katika kamusi yake ya mwaka 1882, kikawekwa kando nyumbani kwao. Silaumu uamuzi wa kuwa na lugha moja ya shuleni. Mimi mwenyewe naandika kwa lugha hiyo hapa. Ninachokitaja ni kwamba wenye lugha hawakuwa wengi mezani.

Meza ya leo iko mtandaoni. Programu za tarakilishi zinazotafsiri na kuandika Kiswahili zimefunzwa kwa maandishi yaliyokusanywa kwa sehemu kubwa kutoka mtandaoni, na zinazosikiliza zimefunzwa kwa sauti zilizorekodiwa. Mradi wa Common Voice, kwa mfano, hupokea sauti za watu wanaojitolea kusoma sentensi, na Kiswahili kimo. Kisichoandikwa wala kusemwa huko hakitajulikana na mashine hizo. Kimvita hutofautisha "paa" la nyumba na "paa" mnyama kwa pumzi tu itokayo mdomoni. Mtoto wa Mombasa anayeambiwa na simu yake kwamba hakueleweka atajifunza kuiacha pumzi hiyo, na hapatakuwa na mkutano wowote uliopitisha azimio. Kinachohitajika kwa sasa ni watu wa Kipevu, Likoni na Kisauni waingie humo wakiwa na la kusema.

Nilisema nitarudi kwa mhariri. Mahali pasipo mhariri uvumi hupita kama moto wa makuti, na matusi pia. Katika kundi letu tumewahi kuambiwa neno fulani ni la Kiarabu kwa ushahidi wa picha isiyojulikana ilikotoka, na watu wawili wazima wakanuniana mwezi mzima. Vifurushi vya data navyo hununuliwa kwa fedha, na katika shule nyingi wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu. Mwalimu ndiye awe mlango wao, apeleke maswali yao na kuwarejeshea majibu. Ama malalamiko kwamba vijana wataiharibu lugha kwa "xaxa" na "cjui", hayo hayaninyimi usingizi. Nimemwona kijana aliyemwandikia mwenzake "cjui" akiuliza swali katika kundi letu kwa sentensi kamili, yenye nukta na mkato, kwa kuwa alijua anawaandikia watu wanaojali. Kila baraza lina lugha yake, na mtu huijifunza kwa kukaa barazani.

Mwalimu aliyeleta "maji mafu" alituletea jambo jingine majuzi. Mwanafunzi wake ameandika "ndia" mahali pa "njia" katika insha, naye ameikata kwa wino mwekundu, kisha roho ikamsuta, maana ndivyo asemavyo bibi yake mwalimu mwenyewe. Majibu yalikuwa mengi na hayakupatana. Mwishowe aliiacha alama ya wino, kwa sababu mtihani wa taifa ni mtihani, lakini pambizoni akaandika kwamba neno ni la Kimvita, si kosa la kutojua, akamwagiza mtoto akusanye mengine kumi nyumbani kwao.

Yule mzee naye sasa hutuma majina ya pepo, moja kila Ijumaa. Amekwisha kutupa kusi, kaskazi, matlai na maleleji, na wanafunzi huyaandika daftarini pamoja na maelezo yake. Juzi alitaja umande. Wanafunzi wa bara walicheka, kwani kwao umande ni ule wa majanini asubuhi, akawaambia kwamba kwa wavuvi ni upepo utokao nchi kavu alfajiri na kuwasukuma baharini. Halafu akauliza watu wa Pemba wao huuitaje. Nilipoiweka simu nikalale, Pemba walikuwa wangali wanaandika.