Mwasumini wa Marehemu Mama

Mwasumini alioupanda marehemu mama yetu uani, ambao kwa miaka mingi ulitupa maua ya vikuba, ulianza kukauka mwisho wa kaskazi. Majani yalipukutika, na baadhi yetu tukashika shoka. Shangazi akatuzuia: mti haukatwi kwa dhana.

Alikwangua gome kwa ukucha. Matawi ya juu yalikuwa makavu kabisa. Karibu na shina palikuwa na ubichi wa kijani. Uhai ulikuwamo bado.

Tukatafuta sababu, tukaikuta mikononi mwetu wenyewe. Tangu maji ya kisima yalipogeuka ya chumvi, tuliendelea kuunywesha hayo hayo, pamoja na maji ya sabuni ya kufulia. Chumvi ikizidi udongoni, mizizi hushindwa kunywa hata ardhi ikiwa imelowa.

Tulikata matawi makavu hadi penye ubichi, kisha masika yalipofika tukaumwagia maji ya mvua kwa wingi, polepole, ili chumvi iteremke chini ya mizizi. Samadi iliyokwisha kuoza tuliingoja hadi chipukizi zilipotoka, nayo tukaiweka mbali kidogo na shina, lisije likaoza.

Maua bado hatujayaona. Lakini majani yamerudi, nasi tumejifunza kwamba amana ya wazazi haitunzwi kwa mapenzi pekee, bali kwa kuangalia tunainywesha nini. Ndugu wasomaji, kabla ya shoka, tumieni ukucha.