Mali ikipotea vitani, nani alipe?

Mama anayevuka Petite Barrière kutoka Rubavu kwenda Goma, mali yake ikiporwa vitani, amdai nani? Kongo ilizishtaki Uganda na Rwanda katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Februari 2022 Uganda iliamriwa kulipa dola milioni 325, milioni 40 kati ya hizo zikiwa za uharibifu wa mali. Kesi ya Rwanda ilikwama mwaka 2006: mahakama haikuwa na mamlaka, kwani Rwanda haikuridhia kushtakiwa hapo. Mwaka 2023 Kongo ikaenda Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika, ambayo Juni 2025 ilikubali kuisikiliza.

Hata hivyo, fidia ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki hukabidhiwa serikali, si muuza nyanya. Basi tunza risiti zako: siku ya madai, karatasi ndiyo shahidi.